Aliumia Akiwa Kazini? Mhadhara kwa Wafanyakazi wa Viwandani

Ndugu wafanyakazi, viongozi wa tawi, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango, habari za jioni. Asanteni kwa kubaki baada ya zamu. Najua mmechoka, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Mtu akiumia kiwandani, swali linaloulizwa kwanza ni hili: nani kazembea? Msimamizi anasema kijana hakuvaa glavu. Kijana, mkono umefungwa bandeji, anaapa kwamba glavu ziliisha zamani na hazijaletwa nyingine. Wenzake wanagawanyika, huyu upande huu, yule upande ule. Na muda wote huo wa kubishana hakuna aliyeshika kalamu. Nataka mjue kwamba kwa habari ya fidia, swali hilo silo la kwanza, na mara nyingi halihitajiki kabisa. Swali la kwanza ni: je, aliumia kutokana na kazi, akiwa kazini?

Hivyo ndivyo inavyotaka, hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF, ulioanza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Wazee waliopo hapa wanakumbuka tulikotoka. Chini ya sheria ya zamani, tuliyoirithi kwa wakoloni, fidia ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000. Mtu kapoteza macho yote mawili, anapewa shilingi 108,000 na kuambiwa aende kwao. Nikiitaja hesabu hiyo bado naona uchungu.

Sasa tukae kwenye maneno hayo mawili, kutokana na kazi na ukiwa kazini, maana humo ndimo haki za watu zinamopatikana au kupotea.

Mashine imekukata kidole ukiwa zamu: hapo hakuna mjadala. Lakini tuseme msimamizi amekutuma mjini kuchukua vipuri, ukagongwa barabarani. Hukuwa ndani ya geti. Ulikuwa kazini? Ndiyo, kwa sababu safari ile ilikuwa ya mwajiri. Tuseme tena umetoka nyumbani asubuhi, umepanda daladala kwa nauli yako, daladala ikapinduka. Hapo ni pagumu, maana safari ya kutoka nyumbani kwa usafiri wako kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazi. Ungekuwa umepanda basi la kiwanda, lile linalowakusanya vituoni alfajiri, hali ingekuwa nyingine, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyelitoa ili akufikishe kazini. Ajali ni ile ile, barabara ni ile ile, tofauti ni gari ulilopanda. Ndiyo maana ukiandika taarifa, usiandike tu “ajali ya gari.” Andika gari lilikuwa la nani, nani alikutuma, ulikuwa unakwenda wapi na saa ngapi.

Na ugomvi je? Wawili wamepigana kwa deni la nje, mmoja kavunjika mkono. Wamepigania ndani ya kiwanda, tena saa za kazi, lakini kilicholeta ugomvi si kazi. Mlinzi aliyepigwa na wezi usiku akilinda stoo ni habari tofauti kabisa, yeye kaumizwa na kazi yenyewe. Mnaona? Kuwepo eneo la kazi peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na kamba inayofunga lile jeraha na ile kazi.

Turudi kwa yule kijana wa glavu. Hata kama alizembea kidogo, uzembe wa kawaida haumwondolei haki yake. Binadamu anachoka, anasinzia, anakosea. Kinachoweza kumfungia njia ni utovu wa nidhamu wa makusudi, kama kuja mlevi na kuwasha mashine. Na hata hapo sheria haikumtupa: ikiwa ajali imemwachia ulemavu mkubwa, au amefariki na kuacha wanaomtegemea, mlango haufungwi. Naipenda sana sehemu hiyo ya sheria, kwa sababu inawaona watoto ambao hawakunywa pombe wala hawakugusa mashine.

Sasa, nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi? Hili linanigusa zaidi kuliko yote. Vibarua wengi hunyamaza wakiumia kwa kuamini kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana chake. Si kweli. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Anayelipwa kwa siku, anayelipwa kwa kipande, mwanagenzi anayejifunza kazi, wote wamo, mradi wanafanya kazi ya mwajiri kwa ujira. Shida iko kwenye kuthibitisha. Kama hakuna karatasi, tafuteni ushahidi mwingine: ujumbe wa simu wa kukuita kazini, malipo yaliyoingia kwenye simu, daftari la getini, wenzako mliokuwa mnapakia pamoja. Vibarua, hifadhini ujumbe huo, msiufute.

Na mchango wa Mfuko anatoa mwajiri peke yake. Tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara, kwa sekta binafsi na ya umma. Ukiona kwenye karatasi ya mshahara wako umekatwa pesa ya WCF, leta hiyo karatasi kwa katibu wa tawi, maana hupaswi kukatwa hata senti.

Wako ambao sheria hii haiwafikii, nami siwezi kulipita hilo kimya. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, mama lishe anayewauzia chakula hapo nje, machinga, mkulima wa jembe la mkono: hawa wanajiajiri, au ndivyo wanavyochukuliwa, na wakiumia wanabaki na familia zao. Nchi ya Nyuzilandi iliamua tofauti. Tangu tarehe 1 Aprili 1974 mfuko wao wa umma unamhudumia kila aliyeumia kwa ajali, kazini, nyumbani, barabarani, hata mgeni aliyekuja kutalii. Nao wana mipaka, maana ugonjwa wa kawaida haumo, na kwa kubadilishana na fidia hiyo watu waliacha haki ya kwenda mahakamani kudai fidia ya majeraha. Lakini swali wanalomuuliza majeruhi ni kama aliumia kwa ajali, hawamuulizi ameajiriwa na nani. Naamini na sisi tunapaswa kufika huko, tukianza na bodaboda.

Mafao nitayataja kwa haraka: matibabu; asilimia 70 ya mshahara wakati hujiwezi kwa muda, hadi miezi 24; malipo ya mkupuo kwa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, na pensheni ukizidi hapo; utengamao, yaani kusaidiwa urudi kujiweza; msaada wa mazishi; na pensheni kwa wategemezi. Usiporidhika na uamuzi, omba upitiwe upya. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana utaratibu wao.

Muda nao ni jambo la kushika. Mwambie mwajiri mapema, siku hiyo hiyo ukiweza, na mbele ya shahidi. Mwajiri naye anapaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Dai lisivuke miezi 12 tangu ajali. Kama ni ya barabarani, msisahau polisi na ile PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Na ukifika hospitali, mwambie daktari umeumia kazini, ili aandike hivyo kwenye cheti. Watu wengi husema tu “nimeanguka,” na neno hilo moja linakuja kuwasumbua baadaye.

Kuna mzee ameniuliza pale mlangoni: mimi sikuanguka wala sikukatwa, ila masikio yangu hayasikii vizuri baada ya miaka mingi kwenye mashine za kusaga, je, nimo? Mzee wangu, magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani ya sheria hii hii, uziwi wa kelele na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi pia. Kinachotakiwa ni daktari akupime na kuunganisha ugonjwa na kazi uliyofanya. Kwa hiyo tutahitaji kujua ulifanya kazi idara gani, mwaka gani hadi mwaka gani, na mashine ipi.

Katibu wa tawi yuko hapa na daftari. Mzee tuanze na wewe, kisha kila mwenye jeraha la mwaka huu ambalo halijaandikwa apange foleni nyuma yako, tuyaandike yote kabla basi halijaondoka.