Kuikamata Molekuli Katikati ya Mmenyuko

Wenzangu katika kemia, nanyi wanafunzi mliofika kusikiliza,

Mmenyuko unaoanzishwa na mwanga hupita hatua kadhaa, na za katikati ndizo ngumu zaidi kuziona. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikivunja molekuli ndani ya gesi yenye joto la kawaida, vipande hugongana na majirani na kugeuka kitu kingine kabla hatujawahi kuvipima. Mwaka 1954, George Pimentel na wenzake wa Berkeley, Marekani, walieleza namna ya kuvizuia: molekuli zinazochunguzwa huchanganywa na gesi ajizi (isiyomenyuka kirahisi na vitu vingine) kwa wingi, mara nyingi molekuli moja kwa elfu za gesi, kisha mchanganyiko hupulizwa polepole ndani ya ombwe, mahali palipoondolewa hewa, hadi ugande juu ya dirisha baridi. Siku hizi dirisha hilo hupoozwa hadi Kelvini 10 hivi, yaani nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri. Haliwezi kuwa la kioo cha kawaida, kwa kuwa kioo humeza sehemu kubwa ya miale ya infraredi, miale isiyoonekana tunayopimia. Hutumika fuwele ya chumvi kama iodidi ya sizi.

Kila molekuli sasa imefungiwa peke yake. Tunapima spektra ya infraredi, yaani mchoro wenye mistari inayoonyesha miale ipi imemezwa, tunawasha taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana wenye nguvu ya kuvunja molekuli, tunapima tena, kisha tunatoa spektra ya kwanza katika ya pili. Mistari inayoshuka ni ya kilicholiwa na mwanga, inayopanda ni ya kilichozaliwa, na ile inayopanda pamoja kwa mwendo uleule huenda ikawa ya aina moja ya molekuli. Nasema huenda, kwa sababu uthibitisho wenyewe hutoka kwa isotopi, yaani atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti: uzito ukibadilika, mistari ya molekuli iliyo na atomi hiyo husogea.

Tazameni kazi iliyochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Helsinki, Ufini. Waligandisha floridi ya hidrojeni ndani ya gesi ajizi ya agoni kwa Kelvini 7.5, wakaivunja kwa urujuanimno. Atomi ya hidrojeni, kwa udogo wake, iliweza kuponyoka kizimbani. Barafu hiyo ya agoni ilipopashwa moto kidogo, atomi hizo zikaanza kutembea, na mistari mipya ikajitokeza, mmoja ukiwa kwenye mawimbi 1969.5 kwa sentimita. Walipoweka deuteri, isotopi nzito ya hidrojeni, mahali pa hidrojeni ya kawaida, mstari huo ulihamia 1466.3, kwa hiyo hidrojeni ilikuwa ndani ya molekuli hiyo. Walipotumia agoni-36, isotopi nyepesi, badala ya agoni-40 ya kawaida, mistari ilisogea tena, safari hii kidogo sana. Msogeo huo mdogo ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa kuwa ulionyesha kwamba agoni, iliyowekwa pale iwe ukuta tu, ilikuwa imefunga kemikali na hidrojeni, na florini ikiwa upande wake wa pili.

Kuna jambo moja ambalo kila anayepima hana budi kulichunga. Mwaka 1960 Baldeschwieler na Pimentel walionyesha kwamba asidi ya nitrasi, ikiwa imegandishwa ndani ya nitrojeni, hubadili umbo lake kwa nguvu ya miale ya infraredi peke yake. Maana yake ni kwamba mwanga tunaoupima nao unaweza kuendesha mmenyuko. Ndiyo maana, kabla taa ya urujuanimno haijawashwa, sampuli huachwa mbele ya miale ya spektromita, kifaa cha kupimia spektra, kwa muda uleule ambao jaribio litachukua, na mstari wowote unaopanda katika muda huo hauhesabiwi kuwa kazi ya taa.