Jumapili ya Bure Kwenye Kilima cha Theluji, Steamboat Springs

Haya jamani, mnanisikia? Upepo unapiga kwenye maiki, nivumilieni kidogo. Hamjambo huko nyumbani! Leo sipo Denver. Nipo Steamboat Springs, kaskazini-magharibi mwa Colorado, mji wa watu 13,000 hivi. Nyuma yangu, ng'ambo ya mto Yampa, mnakiona kile kilima chenye yale majukwaa marefu ya kurukia? Kinaitwa Howelsen Hill. Nimeendesha gari saa tatu na ushee kwa ajili yake.

Kila nikiweka video ya theluji mnaniuliza lile lile: "Kaka, huo mchezo wa kuteleza si wa matajiri?" Ngoja nigeuze kamera. Ule mlima mkubwa kule ni Mount Werner, ndiko wanakoenda watalii wanaokuja na ndege. Tiketi ya siku moja, ukiinunua dirishani msimu umekolea, inapita dola 200. Hiyo ni zaidi ya nusu milioni kwa shilingi za kwetu Tanzania, na hapo hujakodi viatu wala hujaweka kitu tumboni. Kwa hiyo ndiyo, kwa sehemu kubwa mnasema kweli. Lakini huku kwenye kilima kidogo, Jumapili unapanda bure. Na leo ni Jumapili. Mnanijua, mtu wa Njombe na cha bure!

Siri ni kwamba kilima hiki hakina tajiri. Ni mali ya mji. Halmashauri ndiyo inayokiendesha, kama kwetu inavyoendesha soko na stendi. Mishahara ya wafanyakazi, lifti za kupandisha watu kilimani, taa za usiku, vyote vimo kwenye bajeti ya mji, na mapato ya tiketi hayatoshi. Wapo wananchi wanaolalamika, kwa sababu juu ya gharama hizo udongo wenyewe una tabia ya kuporomoka, kila baada ya muda fulani mafundi wanaitwa. Nikiangalia watoto waliojaa hapa, naona hiyo pesa haijapotea.

Tuone viatu. Sogea karibu, kamera. Hii ni plastiki ngumu, haipindi hata kidogo, ina vifungo vinne vya chuma mbele. Ukishaingiza mguu unavuta hiki cha chini, kisha hiki, kisha hiki, na goti lenyewe linasukumwa mbele upende usipende. Huwezi kusimama wima. Kutoka dukani hadi kwenye theluji ni hatua kama hamsini, nimefika natoka jasho na nje kuna baridi ya kugandisha kope. Mama, kama unaangalia, nimevaa soksi za sufu, usiwe na wasiwasi.

Na baridi hii, jamani. Sisi wa Njombe na Makete tunajidai kwamba baridi tunaijua kwa kuwa barafu ya alfajiri huunguza viazi vyetu shambani. Hapa nimenyamaza. Mji wenyewe uko mita elfu mbili na zaidi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Theluji nayo ni kavu. Angalieni, nimeichota mkononi: nafinya, nafinya, haishikani. Napuliza, inaruka yote. Wenyeji wanajivunia sana hii, kwa sababu theluji yenye maji mengi inakuwa nzito na inakamata miguu.

Sasa huyu Howelsen ni nani? Carl Howelsen alikuwa Mnorwei, fundi wa kujenga kwa mawe. Alipofika Marekani aliwahi kufanya kazi kwenye sarakasi ya Barnum & Bailey, anaruka na skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa chini ya viatu, mbele ya watu ndani ya hema, bila theluji! Baadaye akaja milima hii ya Colorado, akafika hapa mjini wakati wenyeji ni wafugaji wa ng'ombe, na skii kwao zilikuwa za safari tu, mtu avuke theluji akafuate barua au mahitaji. Yeye akawaonyesha kwamba unaweza kuruka nazo kwa raha zako. Mwaka 1914 wakafanya tamasha la kwanza la majira ya baridi, 1915 kilima kikaanza kutumika, na hakijafungwa mpaka leo. Hakuna uwanja mwingine wa skii Amerika Kaskazini uliodumu hivyo bila kukatika. Mwenyewe alirudi kwao Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1920, jina akaliacha kilimani.

Tamasha lile bado lipo, kila Februari. Barabara kuu, Lincoln Avenue, ambayo kwa kawaida husafishwa theluji, inaletewa theluji kwa malori! Halafu farasi wanakimbia katikati ya mji wakivuta watoto waliovaa skii na kushika kamba. Bendi ya shule ya sekondari inapita inapiga tarumbeta, na wao wamevaa skii. Usiku kuna mtu anashuka kilima hiki amevaa mataa mwili mzima, fataki zinamtoka mgongoni. Sijui bima yake inaandikwaje.

Ndiyo maana mji mdogo hivi umetoa wanaolimpiki karibu 100. Mtoto anatoka shule, anavuka daraja, yuko kilimani. Buddy Werner, mwanaskii ambaye ule mlima mkubwa umepewa jina lake, alikulia kwenye kilima hiki kidogo. Alifariki mwaka 1964 kwenye maporomoko ya theluji huko Uswisi.

Nasi tusijidharau. Philip Boit wa Kenya alikwenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kwenye mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie, akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mtoto wa Kikalenjini mwenye jina la Kinorwei, aisee, hiyo naipenda!

Mimi bado nipo kwenye mkanda wa wanaoanza, ule unaotembea chini taratibu unakupandisha kidogo. Kilima chote kina mita 134 tu kutoka chini hadi juu, lakini ukisimama pale katikati na kutazama chini, hiyo "tu" inakutoka mdomoni. Kuna binti, hata miaka sita hajafika, amenipita akipaza sauti, "Piza! Piza!" Nikadhani ana njaa. Kumbe ndivyo walimu wanavyowafundisha: ncha za mbele zikaribiane, nyuma upanue, umbo la kipande cha piza, ndipo unapunguza mwendo. Nimefanya piza yangu, nimeshuka mita kama ishirini bila kuanguka, na baba yake akanipigia makofi. Video nimeirekodi, nitaiweka.

Kwa mlioko Marekani mnaotaka kuja: kutoka Denver mnapita handaki la Eisenhower, mnatokea Silverthorne, kisha Kremmling, halafu Rabbit Ears Pass. Hapo juu msikimbie. Hakikisheni tairi zina meno ya kutosha, maana kwenye I-70, barabara kuu ya kutoka Denver, huku milimani sheria inadai hivyo kuanzia Septemba hadi Mei na faini yake si ya kitoto. Msivae jinzi wala nguo za pamba, zikilowa mmekwisha. Na wikendi fikeni mapema, viatu vya saizi kubwa huisha.

Duka la kukodi linakaribia kufunga na mimi vifungo hivi bado sijajua kuvifungua. Kwaherini!