Jani Lililotobolewa

Nianze na jani hili. Lipitisheni hadi huko nyuma, kila mtu alishike. Lina matundu manne, na ukingo mmoja umeliwa hadi kwenye mshipa wa kati. Limetoka kwenye kichaka cha asili, yaani cha aina inayoota hapa kwetu tangu zamani, nilichopanda mwenyewe, na nimelileta kwa kujivuna.

Wengi wakitaka vipepeo huulizia maua kwanza. Sawa, kipepeo hunywa mbochi wa maua mengi. Kiwavi wake ndiye mchaguzi. Mama hutua, akaonja jani kwa miguu (msicheke, ladha anaipata huko), na lisipokuwa la ukoo anaoujua, anaruka zake bila kutaga. Kwa hiyo kichaka cha kigeni kinaweza kuchanua vizuri kisilee kiwavi hata mmoja. Cha asili kimeishi na wadudu wa kwao vizazi na vizazi. Sumu ya majani yake wameshaizoea.

Na ndege je? Hata wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda yao viwavi. Mwaka 2018 watafiti Narango, Tallamy na Marra walichapisha utafiti wa bustani za majumbani huko Washington, Marekani: ndege mmoja mdogo mla wadudu aliweza kuendeleza idadi yake pale tu mimea ya asili ilipofika asilimia 70 au zaidi.

Kupanda kwenyewe si kazi. Shimo liwe pana mara mbili ya bonge la mizizi, kina kisizidi. Mwagilia hadi ukame wa kwanza upite. Kama aina yako ina kichaka cha dume na cha jike mbalimbali, panda miche kadhaa, la sivyo matunda usiyangoje.

Watu huharibu kwenye kupogoa. Mimi nilikikata changu kikawa mviringo kama yai, nikajisifu, kumbe vitumba vyote vya maua nimeviangusha chini. Msimu ule sikuona tunda. Sasa nangoja ndege wamalize matunda kwanza, ndipo nitoe matawi makuukuu shinani. Majani makavu siyafagii. Humo wamo viwavi waliojifungia wakingoja kugeuka.

Mama pale mbele anauliza, viwavi wakimaliza majani yote? Changu kiliwahi kubaki vijiti. Nimeshashika bomba la dawa, ndege wawili wakatua, kila mmoja akaondoka na kiwavi mdomoni. Nikalirudisha bomba stoo. Wiki chache baadaye kikachipua.

Jani langu limefika wapi? Lirudi mbele, kesho nina wanafunzi wengine.