Maji Mbele au Maji Pande Zote?

KOMBO: Karibuni tena. Leo tuna masomo matatu ya kutambua viwanja vigumu vya gofu kwa vidokezo: maji, mchanga na watu walioumbuka. Ila niwaambie mapema, Da Zuhura hajaitikia salamu yangu ya Jumanne.

ZUHURA: Niliitikia. Kwa ufupi.

KOMBO: "Mm" si kuitikia, dada. Haya, wasimulie tulichogombania, wenyewe wasikie.

ZUHURA: Chemsha bongo ya gofu, mimi na huyu timu moja. Pointi sawa, swali la mwisho. Msomaji anasema: "Shimo fupi lakini gumu, par 3, maji mbele, upepo hauaminiki." Par 3, yaani stadi anatarajiwa kulimaliza kwa mikwaju mitatu. Nikabonyeza kengele hajamaliza hata kumeza mate. Augusta National, shimo la 12! Akasema hapana, TPC Sawgrass, la 17. Na huyu, timu yangu mwenyewe, akatikisa kichwa kukubaliana naye.

KOMBO: Kwa sababu mimi ningesema Sawgrass.

ZUHURA: Grini ya Sawgrass, zile nyasi fupi zenye kishimo, ni kisiwa, Kombo! Maji mbele, nyuma, kushoto, kulia, na kijinjia chembamba cha kupita kwa miguu. Mtunga swali anayejua kazi yake atasema "maji pande zote". Akisema "mbele" peke yake ananielekeza Rae's Creek, kile kijito kinachokatiza mbele ya grini ya 12. Nyuma kule kuna mabanka ya mchanga na vichaka, hakuna maji. Jordan Spieth, mashindano ya Masters mwaka 2016, alifika pale Jumapili bado anaongoza. Mipira miwili majini, akaandika 7 kwenye shimo la par 3. Danny Willett akavaa koti la kijani la bingwa.

KOMBO: Mchezaji Bob Tway mwaka 2005 aliandika 12 kwenye shimo lile la Sawgrass. Kumi na mbili, dada.

ZUHURA: Hapo ndipo unapochanganya. Neno lilikuwa "gumu". Sawgrass la 17 lina kama mita 125. Bingwa anatoa fimbo fupi, anapiga, anakwenda zake. Lile haliwi gumu, linatisha tu.

KOMBO: Na kutisha si ugumu? Mkono unaotetemeka hauulizi mita.

ZUHURA: Tutarudi hapo.

KOMBO: Hatutarudi, nakujua. Basi nikupoze. Kitendawili!

ZUHURA: Tega.

KOMBO: Ndugu wawili wanalala kitanda kimoja, ukijumlisha namba zao unapata 18.

ZUHURA: Old Course, St Andrews. Grini saba kule ni za mashimo mawili mawili: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kuendelea. Hiki ni cha watoto.

KOMBO: Kitendawili!

ZUHURA: Tega.

KOMBO: Barabara kuu imenipasua katikati, na nina mabenchi ya kanisa yasiyo na waumini.

ZUHURA: Barabara... St Andrews tena, la 17, lile la barabarani.

KOMBO: Siyo. Nipe mji.

ZUHURA: Ngoja kwanza.

KOMBO: Hakuna kungoja. Umeshindwa, nipe mji.

ZUHURA: Chukua Ponte Vedra Beach.

KOMBO: Kule Sawgrass kwenyewe? Ule si mji, ule ni ufuko wenye jina. Nipe mji wenye watu.

ZUHURA: Jacksonville, basi.

KOMBO: Nimepokea. Nimekwenda Jacksonville, nikakaribishwa, nikaulizwa habari zako, nikasema dada yangu hajambo ila hajui uwanja wa Oakmont. Oakmont, Pennsylvania! Banka refu lenye matuta ya nyasi yaliyopangwa kama viti vya kanisani, kati ya shimo la 3 na la 4.

ZUHURA: Aa! Na mimi ninaijua Oakmont vizuri kuliko wewe. Kitendawili!

KOMBO: Tega.

ZUHURA: Walinijia mabingwa wa taifa zima, siku tatu, mmoja tu akashuka chini ya mikwaju 300.

KOMBO: Winged Foot?

ZUHURA: Nipe mji!

KOMBO: Edinburgh.

ZUHURA: Nimekwenda Edinburgh, nikapewa chai, nikaambiwa hiyo ni Oakmont ile ile uliyonitegea sasa hivi! Mashindano ya US Open mwaka 1935, Sam Parks, mikwaju 299. Edward Stimpson alikuwepo akashuhudia mipira ikiteleza mpaka nje ya grini, ndipo akabuni kile kifaa cha kupima kasi ya grini. Huo ndio ugumu, Kombo. Unaonekana kwenye kadi ya bingwa.

KOMBO: Aliyesema hatutarudi ni mimi, na nimekosea. Bingwa ni watu wangapi duniani? Ugumu ni wa mchezaji wa kawaida. Ndiyo maana kuna kipimo cha slope, kuanzia 55 mpaka 155, wastani 113. Hicho kinakuonyesha uwanja unamzidishia huyu wa kawaida mateso kiasi gani kuliko stadi. Bethpage Black ni uwanja wa umma, na umebandika ubao unaoonya kwamba unawafaa wachezaji stadi tu. Ubao ule haukuandikwa kwa ajili ya Tiger Woods.

ZUHURA: US Open ya mwaka 2002 Tiger peke yake ndiye aliyemaliza chini ya par pale. Unaniletea ushahidi wangu mwenyewe.

KOMBO: Na nyasi za rafu, zile za pembeni, waliziacha zirefuke makusudi kwa ajili ya mashindano. Umepimwa uwanja au imepimwa mashine ya kukatia nyasi?

ZUHURA: Uwanja wa Carnoustie, British Open ya 1999, mshindi alikuwa sita juu ya par.

KOMBO: Rafu!

ZUHURA: Van de Velde, aliyekuwa anaongoza, alivua viatu akashuka kwenye kijito cha Barry Burn, shimo la mwisho, anahitaji 6 tu awe bingwa, akapata 7. Yale yalikuwa maji, si rafu.

KOMBO: Ile ilikuwa hofu. Hofu ile ile ya Sawgrass ambayo unasema si ugumu.

ZUHURA: ...Hiyo ni tofauti.

KOMBO: Tofauti vipi?

ZUHURA: Alikuwa na mkwaju mrefu mbele yake. Sawgrass huna.

KOMBO: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali. Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili, dakika mbili. Masomo yenyewe yako wapi?

KOMBO: La maji tumelipitia kwa kugombana. Mchanga umebaki. Walioumbuka tumewataja wawili watatu.

ZUHURA: Mchanga nilikuwa na Hell Bunker, lile banka la shimo la 14 St Andrews. Jack Nicklaus mwaka 1995 alilipiga shimo lile mikwaju 10...

KOMBO: Dakika moja, dada.

ZUHURA: Basi waambie wasikilizaji kwamba "mbele" si "pande zote".

KOMBO: Siwaambii. Kitendawili!

ZUHURA: Sitegewi, muda umekwisha.

KOMBO: Basi nipe mji.

ZUHURA: Nakupa Augusta, uende ukaangalie maji yako upande gani.