Vile soko za hisa za New York zilipiganiaka wateja

Bandugu, bamama, jambo kwenu wote. Naanzia pale inje ya mulango, kwa bale benye kubadilisha franga hapa kwetu Lubumbashi, beko na kiti ya plastiki na mafungu ya noti juu ya meza kadogo. Wa kwanza akikutajia bei, unasogea hatua tatu kwa jirani yake, na jirani anakuongezeaka kidogo ju anataka dola yako. Mukamate ile picha.

Tarehe 17 Mei 1792, kule New York madalali 24 ba hisa (hisa ni vipande vya umiliki wa kampuni) balisaini mukataba: hakuna mwenye atachukua komisheni chini ya robo kwa mia, na biashara bapeane kwanza bao kwa bao. Ni kusema jirani wa kukuongezea bei bakamufunga kinywa tangu siku ya kwanza, na mimi ile inaniuma mpaka leo.

Kazi yabo ilikuwa polepole. Mukubwa anasoma majina ya hisa moja moja, madalali bamekaa mu viti, jina ikipita imepita, ungoje mara ingine. Sasa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikaleta biashara mingi sana, mu 1864 benye walibakia inje bakafungua soko yabo, Open Board of Stock Brokers, kule unauza na kununua bila kungoja jina iitwe, na ba zamani bakaona wateja banaenda, 1869 bakaungana nabo, na ile namna ya kuuza bila kukatiza njo ikashinda.

Lakini benye mi napenda zaidi ni bale ba Curb, soko ya hisa ya pembeni ya barabara. Walikuwa njiani kabisa, Broad Street, mvua ao baridi, karani anainama kwa dirisha ya juu, dalali wake chini amevaa kofia ya rangi kali ju amutambue, na bei inapita kwa vidole, ju ile makelele hakuna wa kusikia. Kampuni za migodi na mafuta zenye soko kubwa ya bale ba zamani ilikataa, kule njo zilipata wanunuzi. Bakaingia mu nyumba paka Juni 1921.

Kisha 1971 ikaanza NASDAQ, soko ya hisa yenye kuonyesha bei kwa kompyuta, dalali anaona bei za benzake wengi pa nafasi moja. Na 1 Mei 1975 serikali ya Marekani ikakataza komisheni ya kupangiwa, mwaka ule ule dalali mumoja, Charles Schwab, akaanza kuuzia watu hisa kwa komisheni ya chini.