Diski Iliyojifunga Haijaharibika

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu watu wangali wanapoteza kazi ya miaka ndani ya dakika chache za papara. Diski iliyojifunga baada ya sasisho kushindwa haijaharibika, na mafaili yako palepale yalipokuwa jana. Ndani ya kompyuta mna chipu ya usalama ambayo, kila mashine inapowashwa, huzipima programu za kuwashia na kulinganisha matokeo na vipimo vya awali. Sasisho likikatika njiani, vipimo hivyo huenda visilingane tena, chipu ikakataa kutoa ufunguo, na hapo BitLocker, yaani mfumo wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo, humgeukia mwenye kompyuta na kumdai tarakimu 48 za ufunguo wa urejeshaji.

Nililetewa kipakatalishi cha mwanafunzi mmoja wa uzamili, ambaye umeme ulimkatikia sasisho likiwa katikati. Tasnifu yake yote ilikuwa humo. Fundi alikwisha kumshauri apige Windows upya, naye alikuwa amebakiza kubonyeza tu. Nilimwomba aondoe mkono kwenye kibodi, kisha nikamwuliza ni kitambulisho gani cha ufunguo kilichoandikwa kwenye skrini ile ya buluu. Alinijibu kwamba hajawahi kuifunga diski yake, kwa hiyo hana ufunguo wowote. Najua wapo humu wanaowaza vivyo hivyo. Kompyuta nyingi za Windows 11 hujiwashia usimbaji fiche, yaani huko kuifunga diski, zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo huwekwa katika akaunti hiyohiyo pasipo yeye kutambua.

Kijana alikuwa na akaunti tatu. Tulifungua ya kwanza kwa simu, tukakuta hamna kitu. Katika ya pili tukakuta funguo mbili, mmoja wa kompyuta aliyokwisha kuiuza. Tulilinganisha herufi nane za mwanzo za kitambulisho na zile za kwenye skrini, tukaujua ufunguo wetu. Yeye akawa anasoma, mimi naandika. Tulipofika kundi la sita skrini ilikataa, naye akavunjika moyo, akidhani ufunguo ni wa uongo. La hasha! Zile tarakimu 48 hugawanywa katika makundi manane ya tarakimu sita sita, na kila kundi ni namba inayogawanyika kwa 11 bila baki, hivyo tarakimu moja ikikosewa kosa hugundulika papo hapo. Alikuwa amesoma 3 mahali palipoandikwa 8. Tulirekebisha, diski ikafunguka, Windows ikalirudisha nyuma sasisho lile lililokwama, na tasnifu ikaonekana nzima.

Mtu ataniuliza: je, tukiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine? Itadai tarakimu zilezile. Ukiwa nazo itafunguka, usipokuwa nazo haitafunguka. Hata Microsoft wenyewe wanasema hawawezi kukutengenezea upya ufunguo uliopotea. Basi anayekuahidi kuifungua bila ufunguo mwulize kwanza kama ana maana ya kuifuta, maana kupiga Windows upya kutakurudishia kompyuta inayowaka bila mafaili yako.

Wala hili si tatizo la watu wazembe. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na kwa kuwa nyingi zilihitaji kutengenezwa moja moja kwa mkono, wahusika walilazimika kusaka tarakimu 48 za kila mashine iliyosimbwa. Zipo taasisi ambazo funguo zake zilikuwa kwenye seva zilizoanguka pamoja na mashine nyingine. Mwezi huohuo, sasisho la Windows la Julai 9 lilizifikisha baadhi ya kompyuta kwenye skrini ya urejeshaji, na marekebisho yakaja Agosti.

Muda umenitupa mkono, nami nilikusudia kueleza kwa kirefu namna ya kusitisha ulinzi wa BitLocker kabla ya kusasisha BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Kwa kifupi, amri ni manage-bde -protectors -disable C:, na kazi ikiisha hakikisheni ulinzi umerudi. Ikiwa ufunguo mnao lakini Windows imekataa kuwaka, ifungueni diski kwa manage-bde -unlock katika mazingira ya urejeshaji, mkanakili mafaili kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa naomba kila mmoja atoe simu, aingie katika akaunti yake, autafute ufunguo na kuunakili kwenye karatasi. Asiyeuona anyooshe mkono, nije alipo tuutafute pamoja.