Ngao Iliyofumwa kwa Sufu na Dhahabu

Mabibi na mabwana, leo nataka tulitazame zulia moja tu la ukutani. Liko Bern, Uswisi, katika Jumba la Makumbusho ya Historia, na upana wake unakaribia mita 7. Maua yamelijaa kila mahali juu ya buluu iliyokoza, na katikati yake imekaa ngao, yaani nembo ya ukoo, ya Philip Mwema, mtawala wa Burgundy na Flanders. Mnamo 1466 alimlipa Jehan de Haze wa Brussels kwa mazulia 8 ya namna hiyo, yaliyofumwa kwa sufu, hariri na nyuzi za dhahabu na fedha.

Isomeni ngao hiyo kama hati ya ndoa na urithi. Yungiyungi ni damu ya wafalme wa Ufaransa. Mistari ya mshazari ni Burgundy ya kale. Kuna simba wa Brabant na simba wa Limburg, nchi nyingine alizozitawala, kisha katikati kabisa yule mweusi juu ya dhahabu, simba wa Flanders. Huyo aliingia katika ukoo kwa ndoa: mwaka 1369 babu yake Philip alimwoa Margaret, mrithi wa Flanders.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mfumaji. Katika mitambo ya kufumia iliyolazwa, mchoro huwekwa chini ya nyuzi za mtande, zile zilizotandazwa kwanza, naye hufuma akiuona upande wa nyuma wa zulia. Picha hutoka imegeuka. Simba wa nembo hutazama kushoto kwa mtazamaji, hivyo mchoro lazima uandaliwe kinyume tangu mwanzo. Akikosea mchoraji, ukoo mzima unatazama upande usio wake, tena mbele ya wageni!

Philip alifariki 1467. Mwanawe, Charles Jasiri, alisafiri na hazina zake hadi vitani, maana zulia hukunjwa, hupakiwa, na popote linapotundikwa, hema hugeuka ikulu. Machi 1476, huko Grandson, Waswisi walimshinda wakateka mali hizo, na zulia letu huhesabiwa miongoni mwa nyara hizo. Januari 1477 Charles aliuawa vitani huko Nancy bila kuacha mtoto wa kiume. Binti yake Mary aliolewa mwaka huohuo na Maximilian wa Austria, na kwa ndoa hiyo simba mweusi akahamia kwenye ngao za Habsburg, ukoo wa Maximilian, hadi kwa mjukuu wao, Kaisari Charles wa Tano.